Jinsi ya kuendesha kikundi cha kusoma vitabu kwa rika zote: mwongozo kamili kwa wasomaji wa Uganda

Wengi mnaoniuliza kuhusu vikundi vya kusoma mnaeleza mkasa ule ule. Kikao cha kwanza watu walijaa, cha pili wakapungua, cha tatu mkabaki wawili na mwenye nyumba. Kisha mnahitimisha kwamba watu wa mtaa wenu hawapendi vitabu.

Sikubaliani na hitimisho hilo. Nikiuliza zaidi, karibu kila mara nasikia kwamba kikundi kiliwapa watu kitabu wakakisome nyumbani, halafu warudi kujadili. Nyumbani kuna nini? Kitabu ni kimoja na wasomaji ni tisa. Umeme unakatika. Mama yuko jikoni, kijana yuko stendi ya boda hadi usiku, mtoto ana homuweki. Siku ya kikao ikifika, asiyesoma anaona aibu, na mwenye aibu hatarudi wiki ijayo.

Kwa hiyo mwongozo huu wote umesimama juu ya jambo moja: kitabu kisomwe pale pale kikaoni, kwa sauti, na mazungumzo yafuate kabla watu hawajanyanyuka. Atakayetaka kuendelea kusoma nyumbani, vizuri sana, lakini asiyepata nafasi hiyo asikose kitu.

Ninaposema rika zote namaanisha mtoto wa P.3 (darasa la tatu), kijana wa S.4 (kidato cha nne), mama mwenye duka, mzee mstaafu, na jajja, yaani bibi, ambaye hakuwahi kufundishwa kusoma. Wote hao wanaweza kukaa mkeka mmoja.

## Vitu vya kuandaa kabla ya kumwita mtu yeyote

- Mahali penye kivuli na utulivu: baraza, chumba cha madrasa au cha kanisa kisichotumika saa hizo, darasa, au chini ya mwembe. Mkitumia jengo la watu, ombeni ruhusa mapema. Mkiwa wengi, mjulisheni mwenyekiti wa LC1, yaani wa mtaa, ili asishangae kuona mkusanyiko.
- Vitabu vitatu hadi vitano vya kuanzia, vya aina tofauti. Visizidi hapo kwa sasa.
- Kopi za kurasa mtakazosoma, nakala moja kwa watu wawili. Kurasa tatu au nne zinatosha kikao kizima.
- Daftari gumu la kuandikia vitabu vinavyoazimwa.
- Karatasi tupu na penseli kwa watoto.
- Taa ya sola au tochi iliyochajiwa, hata kama mnakutana mchana. Mvua ikianza na madirisha yakafungwa, chumba kinakuwa giza.
- Simu moja yenye nafasi ya kuhifadhi vitabu vya bure.
- Maji ya kunywa. Chai na mandazi ni vizuri mkiweza, ila msivifanye sharti, kwa maana siku fedha zikikosekana watu wataona kikao hakipo.

Onyo kuhusu kopi: toeni kopi ya sehemu mnayosoma, msitoe ya kitabu kizima. Uganda ina Sheria ya Hakimiliki ya 2006, na zaidi ya sheria, mwandishi anayeandika kwa Kiswahili katika ukanda huu anaishi kwa nakala chache sana zinazouzwa.

## Hatua ya 1: Chagua watu na saa, kwa mpangilio huo

Anza na watu sita hadi kumi na wawili. Chini ya sita, wawili wakikosa mazungumzo yanazimika. Zaidi ya kumi na wawili, watoto na watu wakimya hawapati zamu, na mnageuka mkutano wenye mwenyekiti na hotuba.

Hakikisha kila rika lina watu wawili au zaidi. Mtoto mmoja peke yake kati ya watu wazima atanyamaza hadi mwisho. Vivyo hivyo mzee mmoja kati ya vijana.

Saa ndiyo inayoua vikundi vingi. Jumamosi jioni wanaume wako kwenye vibanda vya kutazama mpira wa Uingereza. Ijumaa mchana ni msikiti, Jumapili asubuhi ni kanisa. Siku ya gulio la mtaa wenu wafanyabiashara hawapo. Kuanzia saa kumi na moja jioni kina mama wanawasha mkaa. Waulize watu wenyewe, ila kwa mitaa mingi ninayoijua, Jumapili saa tisa alasiri hadi saa kumi na nusu huwa inakubalika kwa wengi.

Kutaneni kila baada ya wiki mbili. Kila wiki inachosha, na mara moja kwa mwezi watu wanasahau hadithi iliishia wapi.

Utajua hatua hii imekaa sawa ukiona watu wanapanga shughuli zao wakiikwepa saa ya kikao bila kukumbushwa.

## Hatua ya 2: Jua kila mtu anapenda hadithi gani

Usimwulize mtu, "Unapenda vitabu gani?" Wengi watakujibu, "Mimi si msomaji," na hapo mlango umefungwa. Uliza mambo ambayo tayari anayafanya.

Uliza: filamu gani ya VJ (mtafsiri anayeisimulia juu ya picha) umeitazama zaidi ya mara moja? Kipindi gani cha redio hukikosi? Ukiwa safarini na jirani akaanza kusimulia, habari ya namna gani inakufanya usahau kuteremka?

Majibu yanakuonyesha njia. Anayependa filamu za polisi na majambazi mtafutie riwaya ya upelelezi. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alimbuni mpelelezi Bwana Msa, na tangu *Mzimu wa Watu wa Kale* ilipochapwa mwaka 1960, hadithi zake zimebaki mlango mzuri wa kuingilia kwa mtu anayedai hapendi kusoma. Anayefuatilia siasa na vita hupenda wasifu na tawasifu. Mkulima huvutwa na kitabu cha maarifa kinachohusu udongo, kuku au nyuki, na hicho nacho ni kitabu, kihesabu. Mwenye kupenda taarabu, kasida au nyimbo za kanisani ana sikio la ushairi tayari. Mtoto anayeangalia katuni anataka kitabu cha picha, na kijana wa sekondari mara nyingi anataka mapenzi na mambo ya kutisha, hata kama mbele ya mzazi wake atataja kitu kingine.

Andika jina na jibu la kila mmoja kwenye kurasa za mwisho za daftari. Ukurasa huo ndio utakaokuongoza ukienda kutafuta vitabu, badala ya kununua unachopenda wewe.

## Hatua ya 3: Tafuta vitabu

Hapa Uganda tuna shida yetu mahususi. Wengi wetu tunakisema Kiswahili kila siku, sokoni, kambini, Busia, Malaba, Bombo, Arua, Kasese, Katwe, lakini kusoma tulifundishwa kwa Kiingereza. Duka la vitabu la Kampala lina rafu nyingi za Kiingereza na rafu moja fupi ya Kiswahili, nayo zaidi ni vitabu vya shule. Hata hivyo vitabu vipo ukijua pa kupita.

Watoto wa shule. Julai 2022 baraza la mawaziri liliidhinisha Kiswahili kuwa somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Shule iliyo karibu nawe ikiwa na mwalimu wa Kiswahili, zungumza naye kwanza kabla ya kutoa shilingi. Mara nyingi ana hadithi fupi na tamthilia kabatini ambazo hakuna anayeziomba.

Mpakani. Wachapishaji wakubwa wa Kiswahili wako Kenya na Tanzania. Kama una ndugu au mfanyabiashara anayevuka Busia, Malaba au Mutukula, mpe orodha iliyoandikwa vizuri: jina la kitabu, mwandishi, mchapishaji. Vitabu viwili vitatu vinaingia kwenye begi bila shida, na mabasi ya Nairobi na Dar es Salaam hubeba vifurushi.

Simu. African Storybook ina mamia ya hadithi za picha kwa Kiswahili na kwa lugha zetu nyingine kama Luganda, na ni bure kusoma, kupakua na kuchapa. Pakua siku una bando, usome siku huna. Hadithi zimepangwa kwa viwango, kuanzia zile zenye neno moja moja kwa ukurasa hadi zile za kusomewa kwa sauti.

Maktaba na vikundi vilivyotangulia. Maktaba za wilaya na za jamii zipo kuliko watu wanavyodhani. Uliza ofisi ya wilaya au ya manispaa. Ukiwa Kampala, chama cha waandishi wanawake FEMRITE kiko Kamwokya, na kimekutanisha waandishi na wasomaji kwa miaka mingi. Wao hufanya zaidi kwa Kiingereza, lakini kaa nao jioni moja uangalie mazungumzo ya kitabu yanavyoendeshwa.

Vya mtumba. Wauzaji wa vitabu vya mkono wa pili barabarani hawapangi kwa lugha. Itabidi uiname upekue. Kagua kama kurasa zimetimia, hasa za mwisho. Riwaya ya upelelezi isiyo na sura ya mwisho ni hasara tupu.

## Hatua ya 4: Onja kitabu kabla ya kukileta kikaoni

Hatua hii watu wengi wanairuka, na ndiyo inayoleta aibu mbele ya wazazi.

Soma ukurasa wa kwanza kwa sauti, peke yako. Ukijikuta unarudia sentensi ili uielewe, wasikilizaji watakwama zaidi. Kisha fungua katikati, soma ukurasa mmoja. Halafu pitia sehemu yote mnayokusudia kusoma, neno kwa neno.

Angalia mambo matatu. La kwanza ni lugha. Vitabu vya pwani na vya Tanzania Bara vina maneno ambayo sisi hatuyatumii. Maneno matano mageni kwa ukurasa yanavumilika; yakifika kumi na tano, kiweke kitabu hicho hadi kikundi kikomae. La pili ni kama sehemu yenyewe inasimama peke yake, au inamhitaji mtu aliyesoma sura nne za nyuma. La tatu ni umri. *Rosa Mistika* ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka 1971, ni riwaya yenye uzito mkubwa kuhusu malezi na msichana anayepotea, na kwa watu wazima nitaipendekeza bila kusita. Mbele ya mtoto wa miaka tisa haifai. Usitegemee kava wala sifa ya mwandishi kukuonya. Soma mwenyewe.

Ukiona sehemu haifai kwa wadogo, usiifiche kwa kuruka mistari huku unasoma, kwa sababu aliye na kopi mkononi ataona na mazungumzo yatahamia huko. Chagua sehemu nyingine, au panga watoto wawe na hadithi yao upande wa pili wa baraza.

## Hatua ya 5: Mada moja, vitabu vitatu

Kitabu kimoja hakiwezi kumtosha mtoto wa P.3 na mstaafu. Ukichagua cha mtoto, mzee anasinzia; ukichagua cha mzee, mtoto anakwenda kucheza. Kwa hiyo chagua mada, kisha uitafutie vitabu vya viwango vitatu: kimoja cha picha, kimoja cha katikati, kimoja cha watu wazima.

Tuseme mada ni "ndoa na mabadiliko ya mila". *Wimbo wa Lawino*, tafsiri ya Kiswahili ya utenzi wa Okot p'Bitek uliochapwa kwa Kiingereza mwaka 1966, unafaa watu wazima sana: mke wa Kiacholi anamlalamikia mumewe Ocol aliyeacha mila na kumfuata mwanamke anayeiga Uzungu. Chagua beti zinazohusu chakula, ngoma au nywele, maana zipo sehemu nyingine zenye lugha ya kikubwa. Na kama mna mzee wa Kiacholi, mwombeni alete *Wer pa Lawino*, asome ubeti ule ule kwa lugha yake. Msikie milio miwili ya wimbo mmoja. Kwa watoto, hadithi yoyote ya picha kuhusu bibi na mjukuu, au kuhusu kuhamia mjini, itafanya kazi. Kwa vijana, hadithi fupi ya msichana aliyetoka bweni na kukuta nyumbani kumebadilika.

Kumbuka pia kubadilisha aina ya maandishi. Riwaya ikifuata riwaya watu wanachoka. Tamthilia ndiyo ninayoipendelea kwa kikundi chenye umri mchanganyiko, kwa sababu kila mtu anapewa sauti: mtoto anakuwa tarishi, mama anakuwa malkia, kijana anakuwa askari, na hata mwenye haya anasoma kwa kuwa maneno si yake. Shairi lina faida nyingine: ni fupi, mnaweza kulisoma lote mara mbili na bado saa haijafika. Hadithi za upelelezi zinawarudisha watu kikao kinachofuata ukiachia mahali penye taharuki.

## Hatua ya 6: Endesha kikao

Dakika tisini zinatosha. Mgawanyo huu umefanya kazi katika vikundi vingi nilivyoviona:

Dakika kumi za kwanza: kukaa na kukumbusha. Mtu mmoja, afadhali mtoto, aeleze hadithi iliishia wapi. Wengine waongezee. Aliyekosa kikao kilichopita anapata kila kitu hapo bila kuulizwa kwa nini hakuja.

Dakika thelathini: kusoma kwa sauti. Badilishaneni wasomaji kila baada ya aya moja au mbili. Mtu akisema "nipishe", mnampisha bila neno. Jajja asiyesoma anasikiliza, na mara nyingi ndiye atakayekumbuka zaidi wakati wa mazungumzo.

Hapa kuna kanuni moja ambayo sitaki mwikose: *msomaji hasahihishwi*. Mkongo wa kambi ya wakimbizi ya Nakivale au Kyaka, Mnubi wa Bombo, mtoto wa askari aliyekulia kambini, kila mmoja ana Kiswahili chake na matamshi yake. Mtu akikatizwa mara mbili kwa sababu ya ngeli au lafudhi, hatasoma tena hadharani, labda maisha yake yote. Asaidiwe akiomba tu.

Neno gumu likitokea, msisimame. Mwenye penseli aliandike pembeni, mlijadili baada ya kusoma.

Dakika thelathini na tano: mazungumzo. Hatua inayofuata inaeleza namna yake.

Dakika kumi na tano za mwisho: kuazima na kupanga. Watu waguse vitabu, wafungue, wachague. Tajeni tarehe ijayo kabla mtu hajasimama.

Unapoona watu wawili bado wanabishana kuhusu mhusika wakiwa wanavaa viatu, kikao kimefaulu. Ukiona kimya na watu wanakimbilia mlango, rudi hatua ya 4: sehemu uliyochagua haikuwa na kitu cha kubishania.

## Hatua ya 7: Uliza maswali yanayofungua midomo

Swali "Hadithi hii inatufundisha nini?" liachwe kabisa. Kila aliyepita shule analifahamu kama swali la mtihani lenye jibu moja sahihi, na mwalimu ndiye anayelijua. Mtu atasema "inatufundisha tuwe na adabu", mtaitikia, na mazungumzo yameisha dakika ya pili.

Swali zuri lina sifa mbili: linaweza kujibiwa kwa njia zaidi ya moja, na ili kulijibu inabidi urudi kwenye ukurasa. Nitatoa mfano wa kitabu kimoja nikieleza kwa kirefu, kwa kuwa hapa ndipo wengi hukwama.

Chukua *Kusadikika* ya Shaaban Robert, iliyochapwa mwaka 1951. Nchi ya Kusadikika inaelea angani. Karama anashitakiwa na waziri Majivuno kwa sababu amefundisha watu elimu ya sheria, na anajitetea mbele ya mfalme kwa kusimulia safari za wajumbe sita waliotumwa pande mbalimbali, wakaleta mawazo ya kuijenga nchi, na badala ya shukrani wakatupwa gerezani. Kwa kikundi chetu kitabu hiki kina neema ya pekee: kimejigawa chenyewe. Safari moja kwa kikao kimoja, na aliyekosa safari ya kaskazini anaweza kuingia kwenye ya kusini bila kupotea.

Lugha yake ni ya juu, nakubali. Ndiyo maana someni polepole na mchague kurasa tatu tu. Baada ya kusoma mashitaka ya Karama, ningeuliza hivi:

Kwa watoto: "Nchi inayoelea angani, maji yake yanatoka wapi? Mtu akiteleza ukingoni anaangukia wapi? Chora." Wape karatasi. Mchoro wa mtoto ukiwekwa katikati ya mkeka, watu wazima wenyewe wataanza kubishana kama mfalme angejenga ikulu katikati au pembeni.

Kwa vijana: "Majivuno anaogopa nini hasa? Nionyeshe mstari unaokufanya useme hivyo." Maneno "nionyeshe mstari" yatumie mara kwa mara. Yanamrudisha kwenye kitabu yule anayetaka kuhutubia kuhusu serikali, na yanampa nguvu kijana mkimya mwenye kidole juu ya ushahidi.

Kwa watu wazima: "Umewahi kuona mtu akihukumiwa kabla hajasikilizwa, kwenye ukoo, kazini, shuleni? Nani alipaswa kusimama kumtetea?" Swali hili linahitaji utulivu. Usilijibu wewe. Hesabu kimoyomoyo hadi kumi na tano kabla ya kuongeza neno. Kimya kinamtisha mwendeshaji kuliko kinavyowatisha wengine, na mara nyingi anayevunja kimya hicho ndiye mwenye jambo.

Maswali matatu yanatosha kwa kikao. Ukija na kumi, utayakimbiza yote na hakuna litakalofika chini.

## Hatua ya 8: Wadogo waseme kwanza

Malezi yetu yanamfundisha mtoto asimpinge mkubwa, nami naheshimu hilo. Lakini matokeo yake kikaoni ni kwamba mzee akishatoa maoni, hakuna kijana atakayesema tofauti. Dawa ni mpangilio: watoto kwanza, kisha vijana, kisha watu wazima, wazee mwisho. Wazee wapewe heshima ya kufunga, na mara nyingi wanaipenda, kwa kuwa wanapata kuwajibu wote.

Mweleze mzee mwenye sauti kubwa kabla ya kikao, faraghani na kwa adabu: "Mzee, tunaomba utufungie mazungumzo leo, watoto waanze." Usimkatize mbele ya watu. Ukimkatiza utampoteza yeye, na pengine familia yake yote.

Acha watu wachanganye lugha. Mtu aliyesikia aya kwa Kiswahili akaieleza kwa Luganda au Kilugbara ameielewa. Jirani amtafsirie asiyefuata, na msonge mbele.

Mkiingia kwenye dini au vyama vya siasa, rudisheni mazungumzo kwa mhusika: "Tubaki na Karama. Yeye angefanya nini?" Mwenye kutaka kuendelea na mengine anaweza kuendelea nje, baada ya kikao.

## Hatua ya 9: Azimisha bila kupoteza vitabu

Andika katika daftari: tarehe, jina la kitabu, jina la mwazimaji, mtaa wake, na tarehe ya kurudisha. Mtoto aandikwe pamoja na mzazi au mlezi. Muda uwe hadi kikao kijacho, basi.

Funika vitabu kwa karatasi ngumu au plastiki siku ya kwanza, na andika jina la kikundi ndani, kwenye ukurasa wa kwanza na ukurasa mmoja wa katikati. Weka kitabu juu ya rafu au ndani ya sanduku la bati. Mchwa na unyevu wa msimu wa mvua huharibu vitabu kuliko wasomaji.

Kitabu kikipotea, msitoze faini. Nimeona familia zikiacha kuja kwa sababu ya deni la kitabu kimoja. Mwombeni alete kitabu chochote kingine, hata cha zamani, au asaidie gharama ya kopi kidogo kidogo.

## Matatizo yanayojirudia, na la kufanya

Watoto wanapungua Oktoba na Novemba. Ni mitihani ya mwisho wa mwaka, na P.7 wana PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Msiwalazimishe. Miezi hiyo someni mashairi na hadithi fupi na watu wazima, na muwaandalie watoto kitabu kipya cha likizo ya Desemba.

Wanafunzi wa bweni wanakuja likizo tu. Wapeni kazi inayolingana na hali yao: wakirudi, waje na hadithi moja waliyoisikia au kuisoma shuleni, waisimulie. Kisha waondoke na kitabu kimoja cha kwenda nacho, kwa ruhusa ya mzazi.

Mtu mmoja anasema sana. Tumieni kitu cha kushika: rula, kalamu, chochote. Anayekishika ndiye anayesema, na akimaliza anampa ambaye hajasema.

Hakuna anayekipenda kitabu. Achaneni nacho. Baada ya vikao viwili mkiona hakiendi, funguni kingine bila kuomba radhi. Muulize tu kila mmoja kilichomkera: lugha, mhusika, urefu? Andika majibu kwenye ukurasa ule wa mwisho wa daftari, maana yanakusaidia kuchagua kijacho kuliko sifa yoyote utakayoisikia.

Mwendeshaji ni yule yule. Kufikia kikao cha nne, mpe mtu mwingine zamu, na kufikia cha sita mpe kijana. Kaa pembeni yake, si mbele yake. Akikwama mnong'oneze swali moja, kisha nyamaza. Mwendeshaji mpya achague sehemu ya kusoma mwenyewe, aipitie nawe siku moja kabla, na atoe kopi kwa jina lake.